Ulimi Ulioshonwa

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote pamoja na figo na maini, kwamba huko Nairobi kulikuwa na hospitali ya kukata watu uzi wa chini ya ulimi. Si wagonjwa. Ni watu wazima wenye afya zao, waliochaguliwa na wanasiasa. Wanalazwa Jumatatu, wanakatwa, na Ijumaa wanatoka wakizungumza lugha zote arobaini na mbili za Kenya bila kupumua katikati. Kisha wanatumwa mashambani. Mtu kama huyo anaingia kwenu akiongea kama mtoto wa shangazi yako, anakula ugali wako, anamjua ng'ombe wako kwa jina, na siku ya kuchoma nyumba ikifika, yeye ndiye mwenye kiberiti.

Alama yao, tuliambiwa, ni moja tu. Hawakosei. Daktari akishakata ule uzi, ulimi unakuwa mwepesi kupita kiasi, na r inatoka r, l inatoka l, kila siku, hata mtu akiwa amelewa.

Kwa msomaji asiyetoka Kakamega, niseme kwamba kwetu herufi hizo mbili zinaishi nyumba moja na hazigombani. Kulala au kurara, usingizi ni ule ule. Kwa hiyo mtu asiyekosea alikuwa wa kutiliwa shaka, na mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, kutiliwa shaka halikuwa jambo dogo.

Nilikuwa fundi wa baiskeli, kando ya barabara ya kwenda Malava, pale mji unapoanza kuchoka na mahindi yanaanza. Baiskeli nilizotengeneza zikipangwa mstari zitafika Kampala na kurudi, na ya mwisho itakuwa na pancha. Lakini sikuwa nimesoma. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini na sikuweza kusoma hata lile neno "hatari" kwenye nguzo ya stima; mchoro wa fuvu ndio ulionisaidia. Mwaka huo nikajiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima. Tulisomea darasa la watoto wa shule ya msingi wakishaenda nyumbani, magoti yetu yakigusa kidevu kwenye madawati yale, na mwalimu wetu alikuwa mwanamke mdogo kuliko sisi sote.

"Mwaka huu mtapiga nini?" akatuuliza jioni moja.

"Kula!" darasa zima.

"Kula hampigi. Kula mnakula. Mtapiga kura."

Mama mmoja muuza ndizi akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, wakitupa kula, tutawapa kura." Tulicheka mpaka mbao za dari zikalegea.

Mwalimu alitupa sentensi ya mazoezi: lori la rangi limelala barabarani. Wengine waliichukua kama adhabu. Mimi niliichukua kama dawa. Niliisema nikijaza upepo, niliisema nikikaza spoku, niliisema kwa mke wangu hadi akaniambia hilo lori nilisukume au niondoke nalo. Baada ya miezi mitatu niliweza. Si kuweza tu. Nilianza kusikia. Mtu akisema "habali" upande wa pili wa soko, sikio langu linawasha. Kabla ya hapo sikujua kwamba kuna cha kusikia.

Jirani yangu pale barabarani alikuwa kinyozi. Alikuja mapema mwaka huo na sanduku la mbao, kioo kilichopasuka pembe, na mashine mbili za mkono, akasimamisha kibanda cha mabati hatua kumi kutoka kwangu. Alikuwa ametoka Nairobi.

"Mtaa wetu uligawanyika, fundi," aliniambia akininyoa. "Upande huu chama hiki, upande ule chama kile. Na katikati vijana wa kukodiwa, hao wanapora pande zote mbili. Walichoma kibanda changu na viti ndani. Mteja alitoka mbio amenyolewa nusu."

Mimi nilimuuliza kama ni kweli majengo ya kule ni marefu hivi kwamba watu wa ghorofa ya juu huvaa sweta mchana. Hilo ndilo nililomuuliza.

Alicheka, akasema ndiyo, na makoti pia. Kisha akapuliza nywele shingoni mwangu, akasema, "Mama yangu yuko hapo Malava. Hapa nimefika. Sihami tena, fundi. Hata wakileta trekta."

Kauli hiyo aliirudia mara nyingi. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alijua kwamba yule mtu anataka kitu kimoja duniani: kukaa pale pale, karibu na mama yake, asihame tena.

Nilimpenda kwa sababu ya ulimi wake. R yake ilikuwa kama ya redio. Nilikuwa namsogelea makusudi ili niisikie. Lakini siku moja, mbele ya wateja watano, nilijisahau nikasema "baisikeri," naye akasema kwa upole, "Baiskeli, fundi." Wale watano wakacheka. Nami nilicheka kuwashinda, kwa sababu mimi nikichekwa huwa nacheka zaidi ya wote. Nilirudi kwenye gurudumu langu na masikio yanachoma. Nataka hilo liandikwe hapa, kwa maana nimejaribu miaka mingi kuliacha nje.

Kisha watu wakaanza kushuka kutoka upande wa Likuyani na magodoro kichwani. Walikuwa wamechomewa. Walipita mbele ya kibanda changu kimya kimya, wengine na kuku mmoja, wengine na mlango wa nyumba, mlango mtupu, mtu ameubeba mgongoni. Kila aliyesimama kunywa maji aliacha habari, na kila habari ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Mimi nilizipokea zote na kuziongezea uzito, ndiyo kazi niliyokuwa naifanya vizuri kuliko pancha. Habari ya ulimi wa kukatwa ilipofika kwangu ilikuwa ya watu kumi. Ilipoondoka kwangu walikuwa lori tatu.

Siku ya soko ikasemekana malori yenyewe yako njiani. Mwenye bucha, aliyejifanya mwenyekiti wa vijana ingawa alikuwa na wajukuu, aliburuta magogo mawili na benchi la kanisa akafunga barabara. Kila apitaye kwa miguu aliambiwa aseme neno moja, barabara. Akisema "balabala," apite, ndugu yetu, salimia nyumbani. Akilisema sawasawa, asimame kando.

"Fundi," mwenyekiti akaniita, "wewe ndio umesoma. Kaa hapa usikilize."

Niliwekwa juu ya debe lililopinduliwa. Sijawahi kukalishwa mahali pa heshima namna ile, hata siku ya harusi yangu. Nikawa sikio la Kakamega nzima. Tulimsimamisha nesi. Tulimsimamisha mzee mmoja wa Mumias mwenye kofia, aliyelisema lile neno kwa utamu wa kuliweka kwenye chai, tukamkalisha juani saa nzima mpaka muuza sukari guru akamtambua. Alituambia, "Mungu awape akili," akapangusa kanzu yake, akaenda.

Kijana mmoja akachokoza. "Na fundi mwenyewe je? Mbona naye hakosei?"

"Mimi nimesomea!" nikafoka. "Nimefundishwa mbere ya watu!"

Wakaangua kicheko. Hiyo "mbere" ndiyo iliyoniokoa. Nilicheka nao, na moyoni nikasema ahsante Mungu kwa kosa hilo.

Kinyozi alikuja siku ya pili, saa nne asubuhi. Hakuja kupita. Alikuja kulinda pamoja nasi, na rungu alilochonga mwenyewe. Alifunga kibanda, akasimama karibu na benchi la kanisa kama jirani yeyote. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akawa anajaribu kuzunguka magogo, naye akamwambia kwa adabu, "Mama, pita huku, barabara imefungwa."

Mwenyekiti akageuka. "Umesema nini?"

"Nimemwambia apite huku."

"Hapana. Sema tena ile."

Akarudia. Barabara. R mbili safi kama sahani zilizooshwa. Wale vijana walikuwa wamenyolewa naye wote, kila kichwa pale kilikuwa kazi ya mikono yake, na hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia lile neno mdomoni mwake kama walivyolisikia asubuhi hiyo.

Akaona nyuso zetu. Akaanza kuzungumza Kiluhya, kile cha Malava chenyewe, cha ndani, na utani wake na matusi yake madogo. Akataja boma la mama yake na mto wanakochota maji. Kila alivyozungumza vizuri ndivyo alivyozidi kuharibu, kwa kuwa si tuliambiwa? Si tuliambiwa wanajua lugha zote?

"Mnasikia hiyo?" mwenyekiti akasema. "Hata mimi sijui hiyo lugha hivyo."

Kisha akaniambia, "Fundi, mwangalie chini ya ulimi."

Kinyozi alipumua, kama mtu aliyeona sasa mambo yatakwisha. Aliketi juu ya debe langu mwenyewe, akafungua mdomo. Kabla ya kuufungua alinikonyeza akasema, "Haya fundi, angalia vizuri, pengine utapata pancha." Wachache wakacheka.

Niliinama. Jua lilikuwa likiingia mdomoni kwake moja kwa moja. Akainua ulimi. Uzi ulikuwa pale. Mzima, mwekundu kidogo, umesimama kama uzi wa mtu yeyote.

Nyuma yangu walikuwa watu wapata mia, na hapa siongezi chumvi. Wote wakinisubiri mimi. Ningesema neno moja, "upo," na yule mtu angeinuka, tungempa rungu lake, na jioni angeninyoa. Lakini habari nilikuwa nimeisimulia mwenyewe wiki nzima, kwa lori tatu, hadi juu ya debe lile. Niliiamini. Sasa kama uzi uko, na habari ni ya kweli, basi imekuwaje? Akili yangu, ile mwalimu aliyoisifu, ilitafuta jibu haraka, ikalipata.

Nikasema, "Umekatwa, halafu ukashonwa."

Sijui kama niliona mshono. Wakati mwingine, usiku, naweza kuuona. Lakini nimeshika nyuzi na spoku maisha yangu yote, najua tofauti ya kitu kizima na kilichounganishwa.

Aliniangalia mdomo ukiwa bado wazi. Pigo la kwanza lilimkuta hivyo, mdomo wazi. Sikuwa mimi niliyepiga. Nimelisema hilo mara nyingi, kwa mke wangu, kwa mchungaji, na kila nikilisema naona linavyopungua thamani. Walimpiga mdomoni hasa. Walivunja kiti chake, na kioo, na mashine zile mbili zikatupwa kwenye mtaro. Mwenye bucha hakumpiga. Alisimama akisema "pole pole, msiue," kama anayesimamia ukataji wa nyama. Mimi nilienda kwenye kibanda changu nikaanza kupanga nati kwa ukubwa wake. Nilizipanga zote.

Wanawake wawili wa kanisani, wenye lile benchi, ndio waliompakia kwenye mkokoteni wakampeleka hospitali ya mkoa. Mmoja aliponipita alisema, "Fundi, njoo usukume." Nikasema nina mteja. Sikuwa na mteja.

Malori hayakuja. Si siku hiyo wala nyingine.

Nilisikia ametoka hospitalini akaenda Malava kwa mama yake, kisha sikusikia kitu. Mabati ya kibanda chake yalikaa mwezi mmoja, halafu mtu akayachukua. Desemba tulipomaliza masomo, mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu na wake zetu, akasema huyu ndiye mwanafunzi mwenye ulimi bora kuliko wote. Wakapiga makofi na vigelegele. Akaniomba niseme ile sentensi. Nilisimama pale na cheti mkononi, nikaisema kwa makosa, makusudi. Mwalimu alidhani ni aibu ya hadhara. Alinishika bega akasema, "Pole pole, mzee, utazoea."

Kwa miaka mitano niliendelea kuwa mtu wa kuchekesha. Sikuacha hata siku moja. Nilichoacha ni kunyolewa na mtu mwingine. Nilikuwa najikata nywele mwenyewe na mkasi, nikitembea na kichwa kama shamba lililoliwa na mbuzi, na watu walidhani huo ni utani wangu mwingine.

Mwaka wa tisini na saba, uchaguzi tena. Vijana watatu, wapya, walikuja kibandani asubuhi moja na soda moja ya kunipa.

"Mzee fundi," mkubwa wao akasema, "tumeambiwa wewe ndio ulikuwa unawatambua. Mambo yakichemka, tutakuhitaji tena kwa ile kazi yako."

"Kazi gani?"

"Ile ya ulimi, mzee. Watu bado wanakusifu."

Niliwarudishia soda. Nikafunga kibanda saa tatu asubuhi, nikapanda baiskeli ya mteja, ambayo breki zake sikuwa nimezimaliza, nikaenda Malava. Milima ile ni kama kumi na tisa, au mimi niliihesabu hivyo. Nilitaka kumwona nimwombe msamaha. Lakini niseme ukweli wote: nilitaka pia kuambiwa kwamba lile jambo lilikuwa kweli. Nilihitaji ule ulimi uwe umekatwa. Kama haukukatwa, basi mimi ni nani?

Boma nililipata kwa kuulizia mto alioutaja siku ile. Mama yake alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi ndani ya ungo. Nilishuka nikamsalimia nikicheka, kwa sababu mimi huingia kwa watu nikicheka, nimezoea. Akanipa kigoda na maji.

"Mama, ninamtafuta mwanao. Kinyozi."

"Hayuko. Amerudi Nairobi."

"Huko alikokimbia?"

"Huko huko. Alipopona mdomo akaenda. Anasema kule akipigwa, atapigwa na watu hawamjui."

Kuku alikuja akadonoa punje moja karibu na mguu wangu, mama akamfukuza kwa mkono bila kumwangalia.

"Mama," nikasema, "siku ile, ile ya kwenye magogo. Aliyemwangalia mdomoni..."

"Ni wewe," akasema. "Alisemanga ni fundi wa baiskeli, mtu wa kucheka sana. Umeingia hapa ukicheka, nikakujua."

"Na bado umenipa maji?"

"Umekuja na kiu."

Hapo ndipo ningepiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, nilikuwa hata nimevaa suruali isiyo na matundu. Badala yake mdomo wangu ukauliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka peke yangu natoa sauti, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mama, nisamehe kuuliza. Ule ulimi wake, alikatwa hospitali gani?"

Aliacha kupukuchua. Aliniangalia kwa muda, kama anayepima kama ninamdhihaki. Akaona simdhihaki. Nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Akaweka gunzi chini.

"Hakukatwa na mtu," akasema. "Huko mtaani kwao kulikuwa na vijana wanasimamishanga watu kwa njia. Wanakuambia, sema balabala. Ukisema kama sisi, wanajua umetoka wapi, wanakupiga. Walimpiga mara mbili. Sasa akakaa ndani ya nyumba na redio, kila siku, akifuata vire redio inasema, mpaka akajua. Alijifunza, mwanangu. Ni hivyo tu. Alijifunza."